Mama wa Vilebu Hawa Yuko Wapi?

Katika sehemu hii ya kati ya Bonde la Ufa, hakuna mtu anayehitaji kuhubiriwa kuhusu malezi ya ng'ombe. Mwulize mkulima yeyote wa Njoro, Rongai, Subukia au Molo, naye atakueleza, bila ya kufungua kitabu, kwamba ng'ombe wa maziwa akikaribia kuzaa hukaushwa kwa muda wa siku 60 hivi ili mwili wake upumzike na ndama aliye tumboni apate lishe. Atakueleza pia kwamba mtamba hapandishwi kabla hajakomaa, wala fahali hapewi nafasi ya kumpanda binti yake mwenyewe. Mjini Nakuru ndiko yaliko makao ya daftari la nasaba za mifugo liitwalo Kenya Stud Book, lenye asili yake mwaka 1920, ambamo ng'ombe wa mbari bora huandikwa pamoja na baba yake, mama yake na nyanya zake. Kwa ufupi, watu wa huku wanajua kuzalisha mnyama.

Basi ni ajabu iliyoje kwamba papa hapa, miongoni mwa watu wenye ujuzi huo wote, pamezuka ufugaji mwingine ambamo mama hana mapumziko, hana daftari, na aghalabu hana hata jina. Nazungumzia biashara ya kuzalisha na kuuza watoto wa mbwa, hao ambao sisi walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi kuwaita vilebu.

Biashara hii haikuzuka bure. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini hata kabla ya siku hiyo mitaa yake ilikuwa imekwisha kutambaa hadi Kiamunyi na Lanet, ikimeza mashamba ya mahindi. Mwenye nyumba mpya hutaka lango, na mwenye lango hutaka kitu cha kubweka nyuma yake. Wapo pia wanaotaka mbwa wa kupendeza macho tu, kama yule mweupe mwenye manyoya mengi aitwaye Japanese Spitz. Kwa upande mwingine wapo vijana waliomaliza shule na vyuo, vyeti mkononi na kazi hakuna. Jike mmoja wa German Shepherd au Rottweiler anaweza kuzaa vilebu sita, wanane au hata zaidi kwa mara moja, na kila mmoja wao huuzwa kwa maelfu ya shilingi. Ni nani atakayemlaumu kijana kwa kupiga hesabu hiyo?

Mimi simlaumu. Hata hivyo, hesabu hiyo ina tarakimu moja iliyoachwa nje, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye jina lake si la kutajwa hapa, alinialika nyumbani kwake viungani mwa jiji ili nione mradi wake. Alinionyesha kwanza vilebu. Walikuwa wameoshwa, wamefungwa utepe mwekundu shingoni, tayari kupigwa picha za kutumwa kwa wateja kwenye simu. Walipendeza, sikatai. Nilipomwuliza mama yao yuko wapi, alisita kidogo, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye mabanda ya mabati yaliyojengwa zamani kwa ajili ya kuku. Humo mlikuwa na majike watano, kila mmoja katika kizimba chake, juu ya saruji yenye unyevu. Kucha zao zilikuwa zimerefuka hadi kujikunja, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kutembea zikalika. Mama wa vilebu wale alikuwa na umri wa miaka minne, na huo ulikuwa uzao wake wa sita. Mbavu zake zilihesabika na chuchu zake zilikaribia kugusa sakafu. Hakubweka. Mnyama ambaye watoto wake huuzwa ili walinde malango ya watu alinitazama mimi mgeni, kisha akageuza uso wake ukutani.

"Mwalimu," kijana akaniambia, "huyu ndiye aliyemlipia dadangu karo hadi akamaliza kidato cha nne."

Nilimjibu kwamba aliyelipa karo anastahili angalau kulala pakavu. Hakukasirika. Aliniuliza swali ambalo ni la haki kabisa: akimpumzisha mwaka mzima, yeye na dada yake watakula nini? Nitalirudia swali hilo, kwa maana asiyelijibu hana haki ya kumkemea kijana yule. Kwanza, hata hivyo, tuitazame hesabu yenyewe.

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Baada ya kuzaliwa, vilebu hawapaswi kutengwa na mama yao kabla ya kutimiza majuma manane. Jike hupata joto, kwa kawaida, kila baada ya miezi sita hivi. Mfugaji asiyejua subira humpandisha kila joto linapokuja. Ndiyo kusema kwamba katika mwaka mmoja mnyama huyo hubeba mimba kwa miezi minne, na hunyonyesha kwa karibu miezi mingine minne. Nguvu za mwili wake humwagika katika maziwa. Wapo wanaopungukiwa na kalsiamu majuma machache baada ya kuzaa, wakaanza kutetemeka, kukakamaa na kuanguka, na wasipotibiwa upesi hufa. Mkulima wa Molo akisikia habari hiyo hatashangaa, kwani ana jamaa ya ugonjwa huo zizini mwake, nao ni homa ya maziwa. Tofauti ni kwamba ng'ombe akianguka daktari huitwa usiku huo huo, ilhali jike wa mbwa hufunikwa gunia na kuombewa heri.

Kwa nini tofauti hiyo? Nadhani jawabu liko kwenye ndoo. Ng'ombe asiyetunzwa hutangaza habari zake kila asubuhi, maziwa yanapopungua. Dhiki ya ng'ombe humfikia mwenyewe mfukoni kabla ya jua kupanda. Dhiki ya mama wa vilebu haimfikii mtu. Mnunuzi huona mtoto mnene aliyefungwa utepe. Mama yuko nyuma ya nyumba, na hakuna anayemwuliza. Hakika biashara yote imejengwa juu ya kutokuulizwa huko. Ndiyo sababu vilebu wengi huuzwa kando ya barabara kuu, ndani ya katoni au kikapu, mbali na mahali walipozaliwa. Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mateso haya hayaishii kwa mama. Kwa kuwa kukodi dume wa nasaba ni gharama, baadhi ya wafugaji huwapandisha ndugu kwa ndugu, au baba kwa binti, jambo ambalo mkulima yuyo huyo asingeliruhusu zizini. Mbwa wa German Shepherd wanajulikana kwa ugonjwa wa nyonga unaorithiwa. Mnyama huanza kuchechemea angali kijana, na mwisho hushindwa kusimama. Ugonjwa huo hauonekani kwa kilebu wa majuma sita. Huonekana baada ya mwaka au miwili, wakati watoto wa nyumbani wamekwisha kumpenda na muuzaji amekwisha kubadilisha nambari yake ya simu.

Isitoshe, kilebu anayetengwa na mama mapema hukosa shule yake ya kwanza. Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliwachunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor na kuchapisha matokeo yao mwaka 1965. Walionyesha kwamba kati ya juma la tatu na la kumi na mbili hivi, kilebu hujifunza kuishi na mbwa wenzake na binadamu, na kwamba akiukosa ujuzi huo wakati huo ni vigumu sana kuupata baadaye. Aliyezaliwa kizimbani, asione mtu ila mkono unaotupa chakula, akaondolewa akiwa na majuma manne au matano, aghalabu hukua akiwa mwoga. Na mbwa mwoga ni mwepesi wa kuuma. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi walimu tunaliamini neno hilo kwa watoto wa watu; haliwi uongo linapofika kwa mtoto wa mbwa.

Kisha kuna maradhi. Virusi vya parvo, vilivyotambuliwa mnamo mwaka 1978, humfanya kilebu atapike na kuhara damu, na vinaweza kumwua kwa siku chache. Virusi hivyo hudumu katika udongo kwa miezi mingi, hivyo kizimba kilichoua uzao mmoja husubiri kuua wa pili. Kinga ipo, lakini si sindano moja tu: chanjo huanza kilebu akiwa na majuma sita hadi manane, na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka afikishe majuma kumi na sita. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida, hutolewa anapotimiza miezi mitatu. Kwa hiyo, msomaji, ukiambiwa kwamba kilebu wa majuma matano "amemaliza chanjo zote", jua kwamba unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapa ndipo suala la mbwa linapogeuka kuwa suala la watoto wetu. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini mwetu mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na hakijatoka hadi leo. Dalili zake zikishadhihirika kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba takriban watu wanne kati ya kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mwaka 2014 serikali yetu ilizindua mpango wa kuvitokomeza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Lakini mbwa anayezaliwa bandani na kuuzwa barabarani, asiandikwe popote, hahesabiwi. Na asiyehesabiwa ni rahisi kupitwa na chanjo.

Hata wanyama wa mwitu wana sehemu yao katika jambo hili. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distemper uliwavamia simba wa Serengeti, ukaua takriban elfu moja, yaani theluthi moja hivi ya simba wote wa huko, ukavuka na kuingia Maasai Mara. Wataalamu waliuhusisha na mbwa wasiochanjwa wa vijiji vya jirani. Sisi wa Nakuru tunaishi ukuta kwa ukuta na mbuga yenye simba. Itakuwa busara tukikumbuka kwamba kinachotutenganisha nao ni uzio, na kwamba uzio hauchanji mtu.

Najua atatokea msomaji atakayeuliza: watu wanalala njaa, nawe waandika habari za mbwa? Swali hilo lina uzito wake, wala silidharau. Lakini sijaomba mtu yeyote anyimwe sahani yake ili mbwa ashibe. Ninachosema ni kwamba anayejipatia riziki kwa mwili wa mnyama ana deni kwa mnyama huyo, na deni hilo halifutwi kwa umaskini wa mdaiwa. Mkulima maskini hamkamui ng'ombe wake hadi siku ya kuzaa kwa kisingizio cha umaskini. Akifanya hivyo majirani humcheka kwamba hajui kufuga.

Hilo ndilo jibu nililompa kijana yule. Mfugaji wa maziwa hukubali kukosa maziwa kwa siku 60 kila ng'ombe anapokaribia kuzaa, na haiiti hasara, huiita kufuga. Anayefuga majike wawili wenye afya, akawapandisha mara moja kwa mwaka kwa dume asiye wa damu yao, akawachanja, akawaachisha vilebu ziwa kwa wakati wake, ana bidhaa ambayo mteja atairudia na kuisifia kwa jirani. Anayefuga watano kizimbani huiweka mali yake yote katika hatari ya siku moja ya parvo. Sidai kwamba njia ya kwanza ina pesa za haraka. Nadai kwamba ina pesa za kudumu, na kwamba mtu anaweza kumwonyesha mgeni mradi wake wote bila ya kusita mlangoni.

Je, sheria inasemaje? Tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, iliyo nasi tangu miaka ya 1960. Inamhesabu kuwa mkosaji anayempiga mnyama na kumtesa, na vilevile anayemnyima chakula na maji au kumfungia mahali pa dhiki. Adhabu iliyowekwa humo ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Faini hiyo haitoshi kumnunua hata kilebu mmoja wa nasaba. Aidha, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeyakabidhi majukumu ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, kwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mlango wa kubisha hauko mbali. Uko hapa hapa makao makuu ya kaunti. Kinachohitajika ni leseni ya mfugaji inayotolewa baada ya ukaguzi wa mabanda, si risiti ya kulipia meza ya soko.

Wenzetu nao walipitia njia hii. Huko Marekani, baada ya Vita Vikuu vya Pili, baadhi ya wakulima wa majimbo ya kati waliobanwa na hali ngumu waligeuza mabanda yao ya kuku kuwa ya mbwa, na matunda ya jambo hilo yanawasumbua hadi leo. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1999 ilimkataza mfugaji mwenye leseni kumpandisha jike kabla hajatimiza mwaka mmoja, kumzalisha zaidi ya mara sita maishani mwake, au kumzalisha tena kabla ya miezi 12 kupita tangu uzao uliotangulia. Hata hivyo vizimba vya siri havikwisha, kwa kuwa wachuuzi waliendelea kuuza vilebu mbali na walikozaliwa. Mwaka 2013 aliokolewa huko Wales jike mmoja mdogo aliyeitwa Lucy, aliyekuwa amechakazwa kwa kuzalishwa mfululizo. Alikufa mwaka 2016, lakini jina lake likapewa sheria iliyoanza kutumika nchini humo Aprili 2020. Kwa sheria hiyo, mchuuzi wa Uingereza haruhusiwi kuuza kilebu wa chini ya miezi sita ambaye hakumzalisha mwenyewe. Na mnunuzi anapaswa kumwona kilebu pamoja na mama yake pale alipozaliwa.

Tazama jinsi Waingereza, baada ya miaka mingi ya kutunga vifungu, walivyolifikia swali lile lile ambalo mtoto wa darasa la nne angeuliza: mama yake yuko wapi? Sisi hatuna haja ya kungoja bunge ndipo tuulize. Swali hilo halina gharama, na kila mnunuzi anaweza kulitumia leo. Asiyeonyeshwa mama, na asinunue. Akionyeshwa, atazame mbavu, kucha na macho yake, na aulize ni uzao wa ngapi. Aombe kadi ya chanjo yenye sahihi na mhuri wa daktari wa mifugo, kisha ampigie daktari huyo simu. Na anayetaka mlinzi tu, si fahari ya nasaba, akumbuke kwamba mbwa koko aliyechanjwa, akahasiwa na kulelewa vyema hubweka kwa sauti ile ile.

Kwenu walimu wenzangu nina ombi moja. Vilabu vya 4K vilifufuliwa mashuleni mwaka 2021 ili vijana wajifunze kilimo na ufugaji. Mbwa naye atiwe katika masomo hayo, kwani wengi wa wanafunzi wetu watamfuga kabla ya kumfuga ng'ombe, na baadhi yao wataishi kwa biashara yake. Waalikeni wanafunzi wa udaktari wa mifugo kutoka Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro waje kuzungumza nao. Wapeni hoja ya mjadala: je, mnyama anayetulipia karo anatudai nini? Msiwape jibu. Waacheni waende nyumbani, wazunguke nyuma ya nyumba, watazame.

Nanyi wanafunzi, msione aibu kuuliza. Mfugaji mwema hatakufuata barabarani na kikapu. Atakukaribisha kwake, na wa kwanza kukubwekea langoni atakuwa mama mwenyewe.